Majaribio ya sentrifuji ya nguzo za msingi baharini

Majaribio ya sentrifuji ya nguzo za msingi baharini ni njia ya utafiti katika uhandisi wa udongo. Modeli ndogo ya nguzo huwekwa ndani ya sanduku la mchanga au udongo wa mfinyanzi, kisha sanduku zima huzungushwa kwa kasi kubwa ili uzito wa kila chembe ya udongo uongezeke mara nyingi. Kwa njia hiyo modeli yenye urefu wa sentimita 30 inaweza kuonyesha tabia ya nguzo halisi yenye urefu wa mita 30 au zaidi. Majaribio hayo husaidia kusanifu misingi ya majukwaa ya mafuta na gesi, turbini za upepo zinazosimama baharini, na nanga za mitambo inayoelea.

Umuhimu wa njia hii unatokana na tabia moja ya udongo: nguvu na ugumu wake hutegemea mkazo unaoubana. Mchanga ulio karibu na uso wa ardhi na mchanga uleule ulio chini ya mita 30 hautendi sawa. Kwa sababu hiyo modeli ndogo iliyojaribiwa mezani hutoa majibu yasiyo ya kweli. Kwa upande mwingine, kusukuma nguzo halisi katikati ya bahari mpaka ishindwe ni kazi ghali mno. Sentrifuji iko kati ya njia hizo mbili.

Nguzo za msingi baharini

Jengo la nchi kavu hulemea msingi wake hasa kwa uzito kuelekea chini. Baharini hali ni tofauti: mawimbi, upepo na mikondo ya maji husukuma jengo kwa upande, na msukumo huo hurudi tena na tena kwa miaka mingi. Msingi lazima ubebe uzito, uzuie jengo lisipinduke, na usilegee kutokana na mizigo ya kurudiarudia.

Jukwaa la mafuta la kawaida husimama juu ya miguu ya mabomba ya feleji. Miguu hiyo hushikiliwa na nguzo ndefu, nazo pia ni mabomba ya feleji, zilizopigiliwa kwa nyundo kubwa hadi ndani kabisa ya sakafu ya bahari. Nguzo za namna hii ni nyembamba zikilinganishwa na urefu wake. Upande mmoja wa jukwaa ukisukumwa na mawimbi, nguzo za upande huo huvutwa juu na zile za upande wa pili hukandamizwa chini. Kinachozishikilia ni hasa msuguano kati ya ukuta wa nguzo na udongo.

Turbini nyingi za upepo za baharini husimama juu ya nguzo moja tu, nene sana, inayoitwa monopaili. Nguzo hiyo haitegemei sana msuguano wa kwenda juu na chini. Hutegemea udongo wa pembeni, unaopinga nguzo isilale. Zipo pia kesoni za kufyonza, ambazo ni kama ndoo kubwa za feleji zilizofunikwa kifudifudi. Huzamishwa kwa kupampu maji yaliyo ndani yake ili shinikizo la maji ya nje lizisukume chini.

Udhaifu wa modeli za kawaida

Katika fani nyingi za uhandisi modeli ndogo huleta matokeo mazuri bila shida kubwa. Kwa udongo jambo hilo haliwezekani kirahisi. Mtu akichimba shimo la sentimita 30 katika udongo wa mfinyanzi, kuta zake husimama bila tegemeo. Shimo la mita 30 lenye kuta wima katika udongo uleule huporomoka. Nguvu ya udongo ni ileile, lakini uzito unaojaribu kuuangusha ni mkubwa mara 100.

Mchanga huleta tatizo la aina nyingine. Ukikatwa chini ya mkazo mdogo, chembe zake hupanda juu ya nyingine na mchanga huvimba. Kuvimba huko huufanya uonekane imara kuliko kawaida. Chini ya mkazo mkubwa chembe hubanwa zisiweze kupanda, na baadhi huvunjika. Nguzo ndogo iliyosimikwa katika sanduku la mchanga mezani hupimwa katika hali ya kwanza, ilhali nguzo halisi hufanya kazi katika hali ya pili.

Hesabu ndogo huonyesha ukubwa wa tofauti hiyo. Uzito wa mchanga uliozama majini, baada ya kutoa kani ya maji inayouinua, ni kilonyutoni 10 hivi kwa kila mita ya ujazo. Katika kina cha mita 30 chini ya sakafu ya bahari, mkazo wa wima unaobanana kati ya chembe ni kilopaskali 300. Katika modeli yenye kina cha sentimita 30, mkazo huo ni kilopaskali 3 tu.

Kanuni ya sentrifuji

Ndoo ya maji ikizungushwa haraka kwa mkono haimwagi maji hata inapokuwa kichwa chini. Maji husukumwa kuelekea kitako cha ndoo kana kwamba yamekuwa mazito. Sentrifuji ya udongo hutumia kanuni hiyohiyo. Mchapuko wa kitu kinachozunguka hupatikana kwa kuzidisha nusukipenyo cha mzunguko kwa mraba wa kasi ya kuzunguka.

Mchapuko wa mvutano wa dunia huandikwa kwa herufi g. Modeli iliyopunguzwa mara N ikizungushwa mpaka ipate mchapuko wa N mara g, mkazo katika kila nukta yake huwa sawa na mkazo katika nukta inayolingana nayo kwenye umbo halisi. Katika mfano uliotajwa juu, sanduku lenye kina cha sentimita 30 likifikia 100 g, mkazo chini yake hupanda kutoka kilopaskali 3 hadi 300. Udongo wa modeli hubanwa kama udongo wa baharini, nao hutenda vivyo hivyo.

Kwa mashine ambayo modeli yake iko mita 4 kutoka katikati, kufikia 100 g huhitaji takriban mizunguko 150 kwa dakika. Wakati huo modeli husafiri kwa kasi ya mita 63 hivi kwa sekunde, yaani kilomita 225 kwa saa. Sanduku lenye masi ya tani 1 huvuta mkono wa mashine kwa kani sawa na uzito wa tani 100.

Uwiano wa vipimo

Ili kutafsiri matokeo ya modeli kuwa ya umbo halisi, watafiti hutumia kanuni za uwiano. Kwa modeli iliyopunguzwa mara N na kuzungushwa kwa N mara g, kanuni kuu ni hizi:

- Urefu hugawanywa kwa N. Kwa 100 g, nguzo ya kipenyo cha mita 6 huwa na kipenyo cha milimita 60.
- Eneo hugawanywa kwa mraba wa N. Ujazo na masi hugawanywa kwa mchemraba wa N.
- Mkazo hubaki uleule, na kiasi cha kubadilika umbo kwa udongo hubaki kilekile.
- Kani hugawanywa kwa mraba wa N. Msukumo wa meganyutoni 1, ambao ni karibu uzito wa tani 100, huwakilishwa na nyutoni 100, yaani uzito wa kilogramu 10 hivi.
- Momenti ya kupinda hugawanywa kwa mchemraba wa N.
- Muda wa mitikisiko, kama vile mawimbi na tetemeko, hugawanywa kwa N.
- Muda wa maji kuchuja kutoka katikati ya chembe hugawanywa kwa mraba wa N.

Kanuni ya mwisho ni msaada mkubwa kwa utafiti wa udongo wa mfinyanzi. Udongo huo ukibebeshwa mzigo, maji yaliyomo hutoka polepole sana, na baharini kazi hiyo inaweza kuchukua miaka. Katika modeli maji husafiri umbali mfupi zaidi. Kwa 100 g, saa 24 za kuzunguka huwakilisha zaidi ya miaka 27.

Kanuni mbili za muda hazipatani. Kwa 100 g mtikisiko huenda kwa kasi mara 100, lakini uchujaji wa maji huenda kwa kasi mara 10,000. Katika jaribio la mawimbi ya haraka, maji hutoroka kutoka kwenye mchanga mapema mno, na mchanga huonekana salama kuliko ulivyo. Ili kusawazisha, watafiti hujaza mchanga kwa kiowevu chenye mnato mkubwa mara N kuliko maji, kama vile mafuta ya silikoni au maji yaliyochanganywa na methili selulosi.

Historia

Wazo la kutumia mzunguko kuongeza uzito wa modeli lilitolewa na mhandisi Mfaransa Édouard Phillips mwaka 1869. Alifikiria hasa madaraja makubwa, lakini wazo lake halikutekelezwa wakati huo. Mwaka 1931 Philip Bucky wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alitumia sentrifuji ndogo kuchunguza uimara wa miamba juu ya mashimo ya migodi.

Katika miaka hiyohiyo ya 1930 Wasovyeti Georgy Pokrovsky na Nikolai Davidenkov walianza kuitumia kwa udongo. Kazi ya Wasovyeti iliwasilishwa katika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa mekanika ya udongo uliofanyika Harvard mwaka 1936. Baada ya hapo nchi za Magharibi hazikuifuatilia sana kwa miaka mingi, ilhali Umoja wa Kisovyeti uliendelea nayo.

Katika miaka ya 1960 njia hii ilianzishwa upya Japani na Masato Mikasa huko Osaka, na Uingereza na Andrew Schofield. Chuo Kikuu cha Cambridge kilijenga sentrifuji ya mkono yenye kipenyo cha mita 10 ambayo ilianza kutumika katika miaka ya 1970.

Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya ujenzi mkubwa wa majukwaa katika Bahari ya Kaskazini, kwenye maji yenye dhoruba kali na kina ambacho wajenzi hawakuwa na uzoefu nacho. Huko Manchester, Peter Rowe na William Craig walitumia sentrifuji kujaribu misingi ya majukwaa mazito ya zege chini ya mizigo ya mawimbi. Huko Marekani, Ronald Scott wa taasisi ya Caltech alijaribu modeli za nguzo zinazosukumwa kwa upande.

Kuanzia miaka ya 1980 vituo viliongezeka, vikiwemo vya Nantes nchini Ufaransa, Davis katika jimbo la California, na Perth nchini Australia. Katika karne ya 21 China imejenga mashine nyingi. Kituo cha Chuo Kikuu cha Zhejiang mjini Hangzhou kimebuniwa kuwa na mashine kubwa kuliko zote zilizotangulia. Watafiti wa fani hii hukutana katika mikutano ya kimataifa ya modeli za udongo, iliyofanyika kwa mfano Perth mwaka 2014 na London mwaka 2018.

Mashine na vifaa

Kuna aina mbili kuu za sentrifuji za udongo. Ya kwanza ni sentrifuji ya mkono: boriti ndefu inayozunguka katikati yake, upande mmoja ukiwa na jukwaa la kubebea sanduku na upande mwingine uzito wa kusawazisha. Jukwaa hilo huning'inia kwenye bawaba. Mashine ikisimama, sanduku hutazama juu kama kawaida. Ikizunguka kwa kasi, jukwaa huinuka mpaka sanduku hulala karibu mlalo, na "chini" ya modeli huwa upande wa nje wa mzunguko. Aina ya pili ni sentrifuji ya pipa, ambamo udongo hutandazwa kuzunguka ukuta wote wa ndani wa pipa. Aina hii huruhusu majaribio mengi katika udongo uleule.

Uwezo wa mashine hutajwa kwa g-tani, yaani masi ya modeli kwa tani mara mchapuko kwa g. Mashine huwekwa ndani ya chumba chenye kuta nene, mara nyingi chini ya usawa wa ardhi, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuingia inapozunguka. Amri na umeme hupitishwa kwenye pete za kugusana zilizo katikati ya mhimili.

Nguzo ya modeli haiwi nakala kamili ya nguzo halisi. Bomba la feleji lenye kipenyo cha mita 6 na ukuta wa milimita 60, likipunguzwa mara 100, lingekuwa na ukuta wa milimita 0.6. Ukuta mwembamba hivyo ni mgumu kuutengeneza na kuuwekea vihisio. Kwa hiyo mara nyingi hutumiwa alumini, ambayo unyumbufu wake ni theluthi ya ule wa feleji, huku ukuta ukifanywa mnene mara 3 hivi. Kinachotakiwa kufanana ni ukinzani wa nguzo dhidi ya kupinda.

Kwenye ukuta wa nguzo hubandikwa vihisio vidogo vinavyopima jinsi feleji au alumini inavyonyooka na kubanwa. Kutokana na vipimo hivyo hupatikana momenti ya kupinda katika kila kina. Kwa njia za kalkulasi, momenti hizo hutoa mambo mawili: msukumo wa udongo dhidi ya nguzo, na umbali ambao nguzo imesogea. Mambo hayo mawili yakichorwa pamoja kwa kila kina hutoa mikondo ambayo wasanifu huitumia katika hesabu zao.

Vihisio vingine hupima shinikizo la maji katikati ya chembe, na kamera hupiga picha za udongo kupitia dirisha. Programu za kulinganisha picha hufuatilia kila kipande cha udongo na kuonyesha kilikosogea.

Hatua za jaribio

Kazi huanza kwa kutayarisha udongo. Mchanga mkavu humwagwa kutoka kwenye kimo maalumu, kwa sababu kimo na kasi ya kumwaga huamua jinsi chembe zitakavyosongamana. Kisha hujazwa maji au kiowevu kutoka chini, polepole, ili hewa isibaki. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na maji kuwa uji mzito, kisha hukandamizwa kwa siku au wiki kadhaa.

Nguzo husimikwa kabla ya mashine kuanza au wakati inazunguka. Chaguo hilo lina athari kubwa. Nguzo inayopigiliwa au kusukumwa wakati udongo una uzito wa kawaida haiubani udongo wa pembeni kama nguzo halisi inavyoubana. Kwa nguzo ambazo nguvu yake inategemea msuguano, kusimika huku mashine ikizunguka ni karibu lazima.

Mashine inapofikia kasi iliyokusudiwa, udongo hupimwa kwanza kwa kuingiza fimbo ndogo yenye ncha ya koni au yenye kichwa cha umbo la T. Ukinzani unaopatikana huonyesha nguvu ya udongo katika kila kina. Baada ya hapo mota husukuma nguzo kwa mzigo mmoja unaoongezeka, au kwa mizigo inayorudi maelfu ya mara.

Jukwaa la North Rankin A

Tukio linalotajwa sana katika historia ya nguzo za baharini ni la jukwaa la gesi la North Rankin A, lililosimikwa mwaka 1982 kaskazini-magharibi mwa Australia, mahali penye maji ya kina cha mita 125 hivi. Sakafu ya bahari hapo imefanyika kwa mchanga wa chokaa, yaani mabaki ya magamba na mifupa ya viumbe vidogo vya baharini. Wakati wa kusimika, nguzo zilizama kwa makumi ya mita kwa uzito wake zenyewe, mahali ambapo wasanifu walitarajia zihitaji kupigwa kwa nyundo.

Hesabu za kabla zilikuwa zimetokana na uzoefu wa mchanga wa kwarzi, ambao chembe zake ni ngumu na nzima. Chembe za mchanga wa chokaa zina matundu na huvunjika kirahisi. Nguzo inapopita, chembe huvunjika na kujipanga upya katika nafasi ndogo zaidi, kwa hiyo udongo wa pembeni hauubani ukuta wa nguzo. Palipo na ubanaji mdogo, msuguano nao huwa mdogo. Mizigo ya kurudiarudia huupunguza zaidi. Msingi wa jukwaa ulilazimika kuimarishwa kwa kazi kubwa na ya gharama.

Tukio hilo lilichochea utafiti mwingi. Mwaka 1988 mkutano wa kimataifa kuhusu uhandisi katika udongo wa chokaa ulifanyika Perth, na Chuo Kikuu cha Australia Magharibi kikawa kituo kikubwa cha majaribio ya sentrifuji kwa ajili ya misingi ya baharini, Mark Randolph akiwa miongoni mwa viongozi wake. Umuhimu wa mashine hiyo ulikuwa wazi: kuvunjika kwa chembe hutegemea mkazo, kwa hiyo modeli ya mezani isingeweza kuonyesha tatizo lililotokea baharini.

Monopaili za turbini za upepo

Kituo cha kwanza cha turbini za upepo baharini, Vindeby cha Denmark, kilijengwa mwaka 1991 juu ya misingi mizito ya zege. Monopaili zilitumika katika kituo cha Lely cha Uholanzi mwaka 1994, na baadaye katika vituo vikubwa kama Horns Rev cha Denmark, kilichokamilika mwaka 2002 kikiwa na turbini 80. Kadiri turbini zilivyokua, ndivyo nguzo zilivyonenepa. Monopaili za miaka ya 2020 zinaweza kuwa na kipenyo cha zaidi ya mita 10 na masi ya zaidi ya tani 2,000.

Ukuaji huo ulileta swali zito. Mikondo iliyotumika kusanifu nguzo katika mchanga ilitokana kwa sehemu kubwa na majaribio yaliyofanywa katika kisiwa cha Mustang, Texas, na kuchapishwa na Lymon Reese na wenzake mwaka 1974. Nguzo zao zilikuwa na kipenyo cha mita 0.61 na zilikuwa ndefu na nyembamba. Nguzo ya namna hiyo ikisukumwa juu, hupinda karibu na uso wa ardhi huku sehemu ya chini ikibaki imetulia. Monopaili ina urefu wa mara 3 hadi 6 tu ya kipenyo chake. Haipindi sana, huzunguka karibu kama kitu kimoja kigumu, na ncha yake ya chini hurudi nyuma upande wa pili. Hapo hutokea ukinzani ambao mikondo ya zamani haikuuhesabu: msuguano wa wima kwenye pande mbili za nguzo, na ukinzani wa udongo chini ya kitako.

Mradi wa PISA ulijaribu nguzo halisi za kipenyo cha hadi mita 2 katika udongo wa mfinyanzi huko Cowden, Uingereza, na katika mchanga huko Dunkerque, Ufaransa. Matokeo yalionyesha kwamba njia ya zamani ilikuwa imekadiria chini uimara wa nguzo hizo, na njia mpya ya kusanifu ilitungwa. Lakini kutoka mita 2 hadi mita 8 au 10 bado kuna pengo kubwa. Sentrifuji huweza kuliziba kwa sehemu: kwa 100 g, nguzo ya modeli ya milimita 80 huwakilisha nguzo ya mita 8.

Jambo la pili ni uchovu wa udongo. Katika maisha yake turbini husukumwa na mamilioni mengi ya mawimbi na mapigo ya upepo. Kila msukumo unaweza kuacha mwinamo mdogo usiorudi. Kikomo kinachotumiwa mara nyingi kwa mwinamo wa kudumu ni nusu nyuzi tu, pamoja na kosa la kusimika. Katika mchanga unaochuja maji vizuri, majaribio yanaonyesha kwamba mwinamo huongezeka haraka mwanzoni kisha kasi hupungua. Ukubwa wake hutegemea iwapo mzigo huenda upande mmoja tu au hurudi na upande wa pili.

Jambo la tatu ni mtikisiko. Turbini inayozunguka mara 10 kwa dakika hutikisa mnara mara 0.17 kwa sekunde, na mapanga yake matatu yakipita mbele ya mnara huutikisa mara 0.5 kwa sekunde. Wasanifu hujitahidi mtikisiko wa asili wa mnara uwe kati ya viwango hivyo viwili. Udongo ukilegea au ukikaza baada ya miaka, au maji yakichimba mchanga kuzunguka nguzo, kiwango hicho husogea na kinaweza kukaribia kimojawapo. Kwa hiyo ugumu wa udongo unatakiwa kujulikana pamoja na nguvu yake.

Mipaka ya njia hii

Matokeo ya sentrifuji yanahitaji kusomwa kwa uangalifu kwa sababu kadhaa.

Kwanza, chembe za mchanga hazipunguzwi pamoja na nguzo. Chembe ya milimita 0.2 katika modeli ya 100 g ingewakilisha jiwe la sentimita 2. Watafiti huhakikisha kwamba kipenyo cha nguzo ni makumi ya mara ya ukubwa wa chembe. Tatizo hubaki kubwa kwa msuguano wa ukuta, kwa sababu tabaka jembamba la mchanga linaloteleza kando ya nguzo lina unene unaolingana na ukubwa wa chembe, si ukubwa wa nguzo.

Pili, mchapuko si sawa katika modeli yote, kwani sehemu ya chini iko mbali zaidi na katikati ya mzunguko. Kwa mashine ya nusukipenyo cha mita 4 na udongo wa kina cha sentimita 40, kosa la mkazo linaweza kuwekwa chini ya asilimia 2 kwa kuchagua vizuri kina cha kupimia N. Kwa mashine ndogo kosa huwa kubwa zaidi.

Tatu, kuta za sanduku zikiwa karibu mno huzuia udongo kusogea na kuifanya nguzo ionekane imara.

Nne, udongo wa maabara ni mpya na wa aina moja. Udongo wa baharini umelala kwa maelfu ya miaka. Una matabaka, na mara nyingine chembe zake zimegandamana. Hali hizo ni ngumu kuigiza.

Tano, idadi ya mizigo haipunguzwi kwa uwiano wowote. Mizigo milioni moja ya baharini hubaki milioni moja katika modeli, kwa hiyo majaribio mengi huishia kwenye maelfu au makumi ya maelfu, na yanayobaki hukadiriwa.

Uhusiano na njia nyingine

Sentrifuji haichukui nafasi ya uchunguzi wa udongo mahali pa ujenzi, wala ya majaribio ya nguzo halisi, wala ya hesabu za kompyuta. Kazi yake kubwa ni kuonyesha jinsi msingi unavyoshindwa: udongo upi unasogea, kuelekea wapi, na kwa mpangilio gani. Programu za kompyuta husahihishwa kwa kulinganishwa na majaribio hayo, kisha hutumiwa kukokotoa hali nyingi ambazo haziwezi kujaribiwa moja moja.

Njia mojawapo ya kuhakiki majaribio yenyewe ni kujaribu modeli za ukubwa tofauti zinazowakilisha nguzo ileile, kwa mfano moja kwa 50 g na nyingine kwa 100 g. Zikitoa jibu moja baada ya kutafsiriwa kwa kanuni za uwiano, watafiti hupata uhakika kwamba ukubwa wa chembe na kuta za sanduku havikuharibu matokeo. Zikitofautiana, tofauti hiyo huonyesha kwamba kuna jambo lisilofuata uwiano, nalo hutafutwa kabla ya matokeo kutumika katika usanifu.

Tazama pia

- Graviti
- Mchapuko
- Msuguano
- Nishati ya upepo
- Turbini ya upepo
- Uhandisi ujenzi